Papa Janvier Havugimana, Aliyekimbia Nyuma ya Bibi Yake

Wazazi, ndugu, majirani wetu wa Majengo, na ninyi muliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: mutuvumilie kidogo. Tunataka kuwasimulia maisha ya Papa Janvier Havugimana vile yalikuwa. Yeye mwenyewe hakupendaka maneno marefu, lakini leo hana namna ya kutukatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kwanza 1966, kule Nyamitaba, katika milima ya Masisi. Alikuwa mutoto wa tatu wa Muzee Sebahire na Mama Eugénie. Kwa kuwa alizaliwa mwezi wa kwanza wakamuita Janvier, jina ambalo halikuumiza mutu kichwa. Baba yake alikuwa mufugaji, na kazi ya kwanza ya mutoto ilikuwa kukimbia nyuma ya ng'ombe. Kulikuwa ng'ombe moja, Bihogo, aliyependa maharagi ya shamba la pasta, muchungaji wa kanisa, kuliko majani yote ya Masisi. Siku moja ya Mungu, yaani Jumapili, Bihogo aliingia kanisani kwa mulango wa mbele katikati ya mahubiri, Janvier nyuma yake, wakatokea kwa mulango wa nyuma wote wawili bila kusalimia mutu. Jioni baba yake akamuuliza: "Ulimukamata?" Akajibu: "Hapana, baba. Lakini yeye njo alichoka wa kwanza."

Masomo ya msingi aliyafanya Nyamitaba, toka 1972 mpaka 1978. Alisoma miaka miwili ya sekondari kule Masisi, kisha baba yake akagonjwa na ng'ombe wakakosa mutu. Kifaransa alichotoka nacho shuleni kilikuwa kidogo, lakini alikitumia kwa sauti kubwa, na jeshini ni sauti inayohesabiwa.

Maana aliingia jeshi mwaka wa 1990. Alitumika huko miaka mingi. Katika miaka ile inchi ilibadilisha jina, jeshi likabadilisha jina, makamanda wakabadilika. Papa Janvier alibadilisha viatu tu, na hata vile si mara nyingi. Alipanda mpaka cheo cha adjudant. Akarudi kuwa raia mwaka wa 2009, akakaa na jamaa yake hapa Goma, katika mutaa wa Majengo.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1995 alifunga ndoa na Émérance Kahindo, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mwenye sisi wote tunaita Mama Guylain, kwa jina la mutoto wao wa kwanza. Siku ya kuposa, mujomba wa binti alimuangalia huyu soda, askari mwembamba wa Masisi, toka juu mpaka chini, akamuuliza: "Kijana, unajua kufanya nini?"

"Kutembea, muzee. Na kunyamaza."

Mujomba akawageukia wenzake: "Mumupatie. Huyu hatapiga kelele mu nyumba."

Mujomba yule, Mungu amulaze pema, alikuwa mutu wa akili sana, lakini pale alikosea. Kelele ilikuja. Ilikuja kwa usiku, na Papa Janvier mwenyewe hakuwa anaisikia.

Mama Guylain ametupa ruhusa ya kusema mambo haya mbele yenu, na amesema tusiyafunike. Mwaka wa 2008, katika mapigano, rafiki wa Papa Janvier, aliyeitwa Hitimana, alipigwa risasi juu ya kilima. Papa Janvier alimubeba mugongoni mpaka barabarani, akizungumuza naye njia yote. Alipomutua chini, alikuta amezungumuza peke yake kwa muda murefu. Basi. Ni hayo tu aliyotuambia, na aliyasema mara moja. Lakini mwili wake ulikuwa unayasema kila usiku. Akilala, alikuwa anapigana. Na usiku mumoja, mwaka wa 2010, Mama Guylain aliamuka amekamatwa shingo na mikono ya bwana yake, na bwana yake analala.

Alimuamusha kwa kumuita jina lake. Papa Janvier akaangalia mikono yake, akaiweka nyuma ya mugongo kama vile ni ya mutu mwingine. Siku ile ile alibeba mukeka, akahamia jikoni, ile ya mbao pale nyuma ya nyumba, kati ya makala ya kupikia na masufuria. Akaingia na kamba, akafunga mulango kwa ndani. Mama Guylain akamufuata.

"Papa Guylain, rudi mu nyumba. Umenioa ukae mu jikoni?"

"Nitarudi siku hii mikono itasikia mimi."

"Na kama haisikie?"

"Basi utakuwa unapika, na miye nitakuwa karibu."

Alifikiri ni mambo ya wiki moja. Mukeka ulikaa jikoni miaka. Kati ya watoto wao watatu, Guylain alikuwa kijana mukubwa, Micheline anaelewa, lakini Bénita, mudogo, alikua akijua kwamba mababa wote wa dunia wanalala na masufuria. Majirani wao walijua kila kitu, isipokuwa kile cha kweli. Walisema adjudant ana bibi wa pili ku Katindo. Wengine wakasema ni ku Himbi, kwa matajiri, sababu adjudant ni mutu wa cheo.

Mama Guylain ni muchuuzi. Anaangalia kitu mpaka anakijua. Wakati ule bwana yake alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba muzigo, anashusha makala na mashu, kabichi, toka Kibati, kule juu kaskazini, kisha anaipandisha tena bila kitu, jua kali, jasho mpaka ndani ya viatu. Mama Guylain akaona: siku ya chukudu, jikoni inanyamaza. Siku ya Mungu, bwana yake akishinda ameketi kanisani na ku kiti cha nyumbani, jikoni inalia. Akamuambia: "Papa Guylain, ugonjwa yako inaogopa jasho."

Akacheka. Lakini gurudumu la chukudu likapasuka siku moja kwenye muteremuko, yeye na mashu wakafika chini kila mumoja kwa njia yake, akavunjika mufupa wa bega. Ulipona, lakini hakuweza tena kusukuma muzigo. Akabaki ameketi. Na jikoni ikaanza tena.

Mama Guylain akamupeleka kwenye kituo cha afya kwa munganga wa mambo ya kichwa. Papa Janvier alienda kwa aibu, kofia imefika kwenye pua. Yule munganga alimusikiliza muda murefu, akamupa dawa, akamuambia pia lile jambo bibi yake aliliona: atumikishe mwili, akimbie, atoke jasho, lakini asikimbie peke yake. Akimbie na watu wenye kumuelewa.

Watu wenye kumuelewa hawakuwa mbali. Kulikuwa Papa Sikuli, mutu wa Butembo, muuza viatu pale pembeni ya barabara. Yeye pia alikuwa jeshini, na mulango ukipigwa na upepo tu, alikuwa anajikuta chini ya meza ya viatu vyake. Alikuwa anamuambia mununuzi kwamba anatafuta kiatu cha namba yake. Kwa kuwa Mama Guylain ni wa kwao, alimuita Papa Janvier shemeji, na ushemeji ule ulimupa ruhusa ya kumuchokoza bila kupumuzika. Asubuhi ya kwanza ya footing, ile mbio ya mazoezi, alimuambia: "Shemeji, unakimbia sawa mama pasta mwenye kuchelewa ibada."

"Na wewe unakimbia sawa mutu mwenye kuuzia mama pasta viatu vibaya."

Hivyo njo kikundi kilianza, mwaka wa 2013. Akaja Papa Modeste, aliyekuwa musituni, upande wa wenye kupigana na jeshi. Siku moja wakipumuzika Kibati, wakaanza kutaja milima, wakakuta kwamba yeye na Papa Janvier walipigania kilima kimoja, mumoja juu, mwingine chini. Papa Modeste akasema: "Kumbe wewe njo ulikuwa unanikosa-kosa vile?"

Papa Janvier akamuangalia tumbo. "Ulikuwa mwembamba. Sasa hivi siwezi kukukosa."

Walicheka mpaka wakakaa chini juu ya mawe ya volkano. Toka siku ile hawakuachana. Na usiku, jikoni, kelele zikaanza kupungua. Kamba ya mulango alikuwa anaifunga bado, lakini kwa fundo moja.

Sasa tufike kwa ile siku ya posho, yaani Jumamosi ile, mwezi wa tano 2014. Wamoja kati yenu mulikuwapo na munaanza kucheka. Mucheke tu, marehemu pia alicheka, lakini baadaye.

Kikundi kilikuwa kimekua. Asubuhi ile ukungu ulifunika kila kitu, na mvua ilinyesha usiku, kwa hiyo wale wazee walivaa viatu vyao vya zamani, vya kazi ya jeshi. Wakapanda Kibati, wakageuka, wakaanza kushuka. Miguu ya soda haijui wimbo mwingine. Wakaimba zile za jeshi, kwa sauti zote, viatu vinapiga mawe kwa pamoja. Walikuwa na furaha sana. Hakuna hata mumoja aliyefikiri kwamba mutu wa Majengo amelala katika kitanda chake, anasikia jeshi linashuka toka kaskazini. Na mutu wa Goma anajua: mabaya yetu yote, ikuwe volkano, ikuwe vita, yanashukaka toka upande ule.

Mama Fiston, jirani, alifungua dirisha, akasikiliza, akalia: "Bameingia!"

Ilitosha. Matela, yaani magodoro, juu ya vichwa, mbuzi kwenye kamba, batoto mugongoni. Mutu mumoja alibeba sufuria ya maharagi yenye kuchemuka bado. Kartie nzima, mutaa wote, ilielekea ziwani. Wazee wetu wakiingia Majengo walikuta migongo tu.

"Kuko nini?" Papa Sikuli aliuliza mutu aliyepita na redio kwenye kifua.

"Bameingia! Kimbia, muzee!"

Mutu aliyeishi vita haulizi mara mbili. Wale mashujaa waligeuka, wakaangalia ukungu nyuma yao, hawakuona kitu, na kutoona kitu njo kulikuwa kubaya zaidi. Wakakimbia. Na kwa sababu walikuwa na mazoezi, wakawapita watu wote. Watu wakaona wanaume wenye viatu vya jeshi wanawapita, wakalia: "Hata basoda banakimbia!" Basi hata wale waliobaki nyumbani wakatoka.

Karibu na mutaa wa Birere Papa Janvier akaona kitenge anachokijua. Mama Guylain, matela kichwani, anavuta Bénita kwa mukono.

"Papa Guylain! Banakufuata?"

"Banani?"

"Basoda! Bako bengi, banashuka Kibati, banaimba!"

Papa Janvier akasimama. "Banaimba nini?"

Na Mama Guylain, katikati ya ile mbio, matela kichwani, akamuimbia kidogo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamutua ile matela, akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. "Turudi nyumbani," akasema. "Wale basoda ni sisi."

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mama muzee mumoja alianguka akaumia goti, mbuzi wawili hawakuonekana tena. Shefu wa avenue, mukubwa wa njia yetu, Papa Florent, alikataza footing. Papa Janvier hakubisha. Alienda kuomba musamaha mulango kwa mulango, kofia mukononi, akatibisha goti la yule mama, kisha akarudi kuketi. Wiki haikuisha, jikoni ililia. Kamba ikarudi kwa mafundo yake yote. Na mara hii alimuambia bibi yake jambo ambalo hakusema tangu 2010: "Nitafute nyumba mbali kidogo. Hata jikoni ni karibu sana na watoto."

Hapo Mama Guylain alifunga kitambala chake, akaenda kwa shefu, siku avenue nzima imekutana. Akasimama katikati. "Shefu, bwana yangu analala mu jikoni. Tangu Bénita iko anatambaa."

Mama Fiston, pale nyuma, akauliza polepole: "Kumbe haikuwaka bibi wa pili?"

"Bibi wa pili ingekuwa kazi mwepesi," Mama Guylain akamujibu. "Ningejua mulango ya kuendea kugombana. Bwana yangu analala kule sababu anaogopa kuniua akiwa mu usingizi. Akikimbia na benzake, analala vizuri. Akikaa, anapigana vita mpaka asubuhi. Sasa anataka kuhama. Mukimukatalia kukimbia, munafukuza papa ya batoto yangu. Ni hayo tu."

Papa Florent alikuna kichwa. "Mama, tunakusikilia huruma. Lakini batu batalala namna gani, na basoda wenye kushuka Kibati asubuhi?"

"Shefu, umeona vita gani hapa Goma?"

"Mama, zote."

"Umeona moja yenye kutanguliwa na mama mwenye kitenge?"

Shefu ni mutu wa haki. Alifikiri kweli, akapitia vita moja-moja katika kichwa. "Hapana," akasema. "Ile sijaona."

"Basi nitatangulia."

Siku ya posho iliyofuata, Majengo ilisikia firimbi, kisha sauti ya mwanamuke inaimba nyimbo za kwaya, na nyuma yake sauti nene za wanaume wenye kutafuta maneno. Watu walifungua madirisha. Mbele, Mama Guylain, kitenge kimefungwa kwa nguvu, sapato za Papa Sikuli kwenye miguu. Nyuma, maaskari wa zamani wa pande zote, kwa mustari, wanaimba aleluya. Hakuna aliyebeba matela. Mama Guylain hakuwa na mbio, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mbio.

"Shemeji," Papa Sikuli alilia toka nyuma, "kwa mwendo huu tutafika Kibati tumezeeka!"

"Mwenye haraka akuje avae kitenge, atangulie!"

Hakuna aliyekuja. Na Papa Janvier alikimbia pale nyuma yake, mahali pa kwanza katika mustari, macho yake kwenye mugongo wa bibi yake. Alikuwa anasema kwamba katika maisha yake yote ya jeshi hakufuata kamanda mwenye aliamini kama huyu. Mama Guylain alikuwa anamujibu kwamba makamanda wengine hawakumupikia.

Kurudi kwa Papa Janvier ndani ya nyumba hakukuwa jambo la siku moja. Mwisho wa mwaka ule mvua iliingia jikoni, akasogeza mukeka mpaka kwenye baraza. Kisha ndani ya salon, karibu na mulango, kama mugeni mwenye haya. Kisha kwenye kizingiti cha chumba. Mama Guylain alikuwa anatandika kitanda upande ule mwingine kila siku, basi. Asubuhi moja ya mwaka wa 2015 Bénita aliona viatu vya baba yake chini ya kitanda, akauliza: "Kwani papa analala mu chumba yako?"

"Kunywa chai yako," mama yake akamuambia, akageuka haraka upande wa ukuta.

Hatutawadanganya kwamba alipona kabisa. Zilikuwako siku mbaya. Miaka hii miwili, bomu zikisikika upande wa Sake, alikuwa anatoka, anazunguka kiwanja cha nyumba tena na tena, na Mama Guylain mbele yake, hata kama ugali iko juu ya moto. Lakini hakurudi jikoni tena. Na watu waliokimbia vita walipojaa kambini kule Kanyaruchinya, alienda kule na Papa Sikuli na Papa Modeste. Alitafuta wanaume wenye kuketi peke yao nyuma ya mahema, akawaambia: "Simama, tutembee kidogo." Hakuwauliza walipigana upande gani. Aliwauliza tu kama viatu vinawabana.

Mwaka wa 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Munganga alimukataza kukimbia. Kikundi kikaamua kwamba tangu pale footing ni ya kutembea, na Papa Sikuli akasema ni sawa, hata hivyo tangu 2014 hawakukimbia kweli. Mwezi wa saba wa mwaka huu alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi wa nane. Alitembea mpaka kwa jirani, kisha mpaka kwenye mulango wa kiwanja. Mama Guylain mbele, polepole, akigeuka kumuangalia.

Siku ya Mungu, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024, Mama Guylain aliamuka kuna mwangaza. Bwana yake alikuwa anapumua taratibu, uso kwenye ukuta, mukono wazi juu ya mufariji, lile blanketi lao. Kwa maisha yake yote Papa Janvier aliamukaka mbele ya jua. Akatoka chumbani kwa ncha za miguu, akavuta mulango. Wajukuu walianza kugombania kikombe, akawakaripia: "Nyamazeni! Muache tate yenu alale." Mama Fiston akapita kumuita kanisani, akamujibu kwa kujivuna: "Siendi leo. Jua imetoka na iko analala." Akaketi pale mbele ya mulango, akakataza kila kelele: redio, sufuria, hata kuku aliwafukuza kiwanjani.

Alipomupelekea chai, Papa Janvier alikuwa amekwenda. Alikuwa amelala vile alimuacha, mukono wazi, kitandani mwake, katika nyumba yake. Mama Guylain anasema tuwaambie: hajutii saa ile aliyolinda ule mulango.

Papa Janvier amemuacha Mama Guylain, bibi yake wa miaka makumi mbili na tisa, watoto wake Guylain, Micheline na Bénita, wajukuu, wadogo zake wawili kule Nyamitaba, ambao barabara haikuwaruhusu kufika, Papa Sikuli, Papa Modeste na wenzao wote, ambao leo wamemubeba mabegani toka Majengo mpaka hapa wakiimba zile za kwaya, na mama mbele.

Bwana amupokee, na amuache alale.